Jinsi ya kuosha vyombo kama mtu anayeswali, na kazi nyingine za ndani

Nianze na ukweli, mi sio ustadhati wala mtu wa mawaidha, mi ni mama wa watoto watatu kwenye nyumba ya kupanga, maji ya bomba yanatoka siku yakijisikia, na kwa miaka mingi kazi za ndani nilikuwa nazichukia. Sio kwamba nilikuwa sifanyi, nafanya vizuri tu, ila moyoni nanung'unika kuanzia ufagio wa asubuhi mpaka sufuria la mwisho usiku. Na kilichokuwa kinaniuma sio ugumu, ni kwamba haziishi. Umeosha vyombo, umekausha mikono, ukigeuka kikombe hicho kwenye sinki, na hakuna anayejua nani kakiweka.

Kilichonigeuza ni arobaini ya mtoto wa pili. Mama alikaa na mimi wiki mbili akarudi zake Tanga maana bibi alikuwa anaumwa, mume yuko kazini, nimebaki na kichanga, na wa kwanza ana miaka mitatu, na beseni la nepi. Na sasa kuswali siswali, msahafu sishiki, nikawa najiona niko mbali na Mungu kuliko siku zote nilizoishi. Siku moja niko uani nakamua nepi, adhana ya alasiri ikaadhiniwa, nikawa naitikia kama kawaida yangu huku mikono inaendelea, mara nikashtuka, kumbe hii ndo alasiri yangu ya leo. Hapa kwenye beseni. Mwanamke akiwa kwenye hedhi au nifasi, yaani damu ya uzazi, anaacha swala na funga, ila dhikri, yaani kumtaja Mungu, hajakatazwa, dua hajakatazwa, na nepi ndo kabisaa, hajakatazwa hata moja!

Tangu siku hiyo nimejaribu vitu vingi, vingine vilifeli vibaya, haya ndo yaliyobaki.

Chukua umbo la swala

Swala nayo haiishi. Hapo ndo nilipopata dawa. Hakuna mtu anayetoa salamu ya adhuhuri akasema afadhali, nimemaliza kuswali. Alasiri inakuja, magharibi inakuja, kesho alfajiri tena, na hatulalamiki kwamba mbona jana niliswali. Tunajua swala ni kitu cha kurudia. Na vyombo ni vya kurudia, sakafu ya kurudia, kufua ndo usiseme, basi nikaona badala ya kusubiri ziishe nizifanye kwa umbo lile lile, yaani nia mwanzoni, utulivu katikati, salamu mwisho. Mambo matatu.

Ila usianze na nyumba nzima, utachoka siku ya pili. Chagua kazi moja. Mi nilianza na vyombo vya usiku peke yake, kazi nyingine zote niliendelea kununa kama kawaida, na baada ya kama wiki mbili nikajikuta kwenye kufagia nako nimeanza bila kujilazimisha.

Nia

Hadithi ya nia, kwamba amali huhesabiwa kwa nia, kila aliyekaa chuoni, yaani madrasa, anaijua, ile aliyoisimulia Sayyidna Umar, ndo inayofungua Sahih Bukhari. Tunaihifadhi utotoni halafu tunaifungia kwenye swala na funga. Lakini kuna ile nyingine Mtume (S.A.W.) alimwambia Saad bin Abi Waqqas, kwamba chochote unachokitoa kwa kutaka radhi za Allah unalipwa, hata tonge unalomtilia mkeo mdomoni. Sasa kama tonge lina hesabu yake, na yule aliyesimama jikoni saa mbili kwenye moshi wa mkaa mpaka tonge likapatikana?

Namna yake ni hivi. Kabla hujagusa maji, simama. Usishike kitu. Sema Bismillah, halafu jiambie moyoni kazi hii ni ya nini, kwa lugha yako ya kila siku. Mfano mimi: ya Rabbi naosha hivi vyombo watoto wale kwenye kisafi wasije wakaharisha. Imetosha, ni sekunde kumi. Mwanzoni nilikuwa natia nia ndefu kama hotuba ya Ijumaa, mara kuhuisha sunna mara kuijenga familia ya Kiislamu, hata mwenyewe sijiamini. Nia ikiwa fupi na ya kweli inashika. Na ipo siku ukweli ni kwamba unapiga deki kwa sababu mama mkwe anakuja kesho na hutaki maneno, sasa hapo usijidanganye, kubali kwamba hiyo ndo nia uliyonayo halafu isogeze kidogo tu, maana kumkirimu mgeni nako kumo kwenye imani.

Utulivu

Sisi wa pwani wengi ni wa madhehebu ya Shafi, na kwa Shafi utulivu ndani ya rukuu na sijida ni nguzo, ukidonoadonoa kama kuku swala huna. Basi usidonoe vyombo. Weka beseni mbili, la sabuni na la kusuuzia. Anza na glasi, vikombe, sahani, vijiko, masufuria yenye masizi yawe ya mwisho na stilwaya yake. Chukua kimoja, kisugue, kisuuze, kiweke, ndo ushike kingine. Kwa kila kimoja neno moja la dhikri, lolote linalokujia ulimini, Subhanallah, Astaghfirullah, kumswalia Mtume. Mawazo yatakimbia, utajikuta uko kwenye kodi ya nyumba au kwenye jibu ambalo ungempa fulani juzi, ni kawaida, hata kwenye swala si tunakimbia? Ukishtuka rudi kwenye kile kikombe ulichokishika.

Usihesabu. Nasema hivyo kwa sababu mimi nilinunua ile tasbihi ya kubonyeza, ya kuvaa kidoleni, nikawa najitahidi kufika mia tano kabla vyombo havijaisha, mpaka nikawa naosha taratibu makusudi ili namba ipande. Ikadumbukia kwenye maji ya sabuni ikafa. Alhamdulillah. Na najua kuna mtu hapa anataka kuniambia huu ni uzushi, ndugu yangu sijaweka idadi na sijasema ni sunna ya kuosha vyombo, nimeshika tu ile aya ya 191 ya Aal Imran, wanaomkumbuka Allah wakiwa wamesimama na wamekaa na wamelala ubavu. Na mbele ya sinki si nimesimama?

Kuhusu mawaidha ya masikioni. Mi sikatazi, yana faida, lakini jaribu angalau kazi moja kwa siku bila kusikiliza chochote. Nilikuwa mtu wa earphone asubuhi mpaka jioni, nikaja kugundua nusu ya yale mawaidha siyasikii, nataka tu kelele ili nisikae na nafsi yangu. Aliyenitoa huko ni tui. Kama umekulia kwenye nyumba ya nazi unajua, ukishakuna kwenye mbuzi na kukamua, tui zito linawekwa pembeni, unaanza kupikia lile jepesi, na ukishatia lile zito huondoki hapo, unakoroga, unainua upawa na kumimina, unakoroga, mpaka lichemke na kutulia. Ukiliacha linakatika, linakuwa maji huku na mafuta kule, na samaki wako wote umewaharibu. Nilikatikiwa na tui nasikiliza mada ya khushui, yaani moyo kutulia ndani ya swala. Ya khushui jamani! Siku hizi siku ya mchuzi wa nazi simu inabaki chumbani, na nikikwambia kwamba zile dakika kumi za kukoroga ndo saa ninayojisikia niko na Mola wangu kuliko hata swala nyingine ninazoswali nikikimbizana, utanionaje? Lakini ndo hivyo.

Kuchambua mchele pia ni kuzuri kwa hili, ungo mapajani, unatoa vijiwe na chuya, ila mchele wa siku hizi wa kupaki hauna hata kijiwe, tumenyimwa na hilo.

Salamu

Hapa wanawake wengi ndo tunapofeli. Kazi hatuifungi. Umemaliza vyombo, unapitiliza kufuta friji, kutoka hapo unaokota nguo, saa tano ya usiku bado umesimama na hujui ulichokuwa unafanya ni kipi. Swala ina mwisho wake unaojulikana, unageuza kichwa kulia na kushoto, umetoka. Kazi nayo ipe mwisho. Mi nafua kitambaa cha vyombo, nakianika kwenye msumari, nafuta sinki, nasema Alhamdulillah kwa sauti, natoka jikoni. Kikombe kitakacholetwa baada ya hapo ni cha swala inayofuata.

Nimewaambia na watoto, mama katoa salamu. Wanacheka ila wameelewa.

Kufagia, na yule mama wa msikitini

Nikishika ufagio wa chelewa asubuhi uani namkumbuka mtu mmoja. Zama za Mtume (S.A.W.) kulikuwa na mwanamke mweusi alikuwa anafagia msikiti Madina, kwenye baadhi ya mapokezi anaitwa Ummu Mihjan. Akafa, watu wakamzika bila kumwambia Mtume, kama vile wameona jambo lake dogo. Mtume akamkosa, akauliza yuko wapi, wakasema amekufa. Akasema kwa nini hamkuniambia, nionyesheni kaburi lake, akaenda akamswalia pale pale kaburini. Ipo kwa Bukhari na kwa Muslim. Hatujui alikuwa na elimu gani, mali gani, tunajua anafagia, na kwamba alipoacha kuonekana kuna aliyeona pengo. Mi nikifagia simwombi Mungu watu wanione, lakini nikianza kusikia ile sauti ya "hakuna hata mmoja anayeona unachofanya humu ndani," namkumbuka yeye na naendelea.

Kitu cha kufanya hapa ni rahisi, fagia kuanzia ndani kwenda nje, na ukifika mlangoni endelea hatua kidogo mpaka njiani, toa chupa na miba na ganda la ndizi. Kuondoa kitu cha kuudhi njiani ni tawi la imani, tumesoma hivyo, na anayepita hapo huenda humjui na hatakushukuru, hiyo ndo raha yake.

Maji

Hii ni kwa sisi tunaobeba ndoo. Mtume alikuwa anatia udhu kwa mudi moja na kuoga kwa pishi moja, yaani mudi nne, mpaka mudi tano. Mudi ni ujazo wa viganja viwili vilivyokutanishwa, kwenye maji ni kama robo tatu ya lita hivi. Yaani chupa ndogo ya maji na kidogo juu. Jaribu siku moja kutia udhu kwa kiasi hicho kutoka kwenye kopo, utaona ulivyokuwa unamwaga. Toka nifanye hivyo namna ninavyoyaangalia maji imebadilika kabisa, maji ya kusuuzia mchele yanaenda kwenye mchicha wa kwenye ndoo, ya kusuuzia nguo yanapiga deki, ya deki yanamwagwa chooni. Tulikuwa tunafanya hivyo hata zamani, ila kwa hasira ya mgao. Siku hizi nafanya kama amana. Maji ni yale yale na dumu ni lile lile la lita 20, mgongo nao unauma vile vile, sikufichi.

Choo

Choo nilikichelewesha makusudi, ni kigumu. Tulivyofundishwa chuoni humo ndani Mungu hatajwi kwa ulimi, kwa hiyo ile mbinu ya dhikri inabaki mlangoni. Unaingia kwa mguu wa kushoto na dua yako umeshaisoma nje, unasugua kimya. Na kile kimya kinasema! Kwenye vyombo naweza kujifanya walii, chooni nasugua uchafu wa watu wengine na hakuna neno zuri la kuweka juu yake, namsikia kiburi mwenyewe anaongea: mimi na elimu yangu, mimi na hivi. Ndo maana kama unataka kujijua ulivyo, usimpe dada wa kazi shughuli hii kila siku, jiwekee siku yako hata moja kwa wiki. Nikitoka naosha mikono, natia udhu, na ile hadithi ya kwamba tahara ni nusu ya imani naielewa kwa mikono kwanza.

Na kwa kuwa nimemtaja dada. Ukiwa na binti wa kazi humpati Mungu jikoni huku yeye anaamka saa kumi na kulala saa sita. Mtume amesema hao ni ndugu zenu, wale mnachokula, wavae mnachovaa, msiwabebeshe wasichokiweza na mkiwabebesha wasaidieni. Mshahara wake ulipe kwanza, tarehe yake, halafu ndo uje tuongelee dhikri.

Sahani ya jirani

Abu Dharr aliusiwa na Mtume kwamba ukipika mchuzi zidisha maji yake, na uwaangalie majirani zako. Napenda sana hii kwa sababu haisemi zidisha nyama. Maji! Yaani hata mwenye hali yangu anaweza. Kwa hiyo ukipika, wakati wa kutia maji, tia kikombe kimoja zaidi na mtaje moyoni unayempelekea. Basi, upishi umeshageuka. Jirani yangu wa ukuta mmoja ni Mkatoliki, nampelekea bakuli lililofunikwa na kawa, na kwa desturi zetu chombo hakirudi kitupu, kinarudi na maembe au ndimu au mahindi ya kwao. Yeye nikamwelezea haya mambo yangu akacheka, akasema mbona mimi rozari yangu naisali kwenye pasi, mashati ya mzee na sare za watoto, fungu moja la Salamu Maria shati moja, na kwamba kwenye Biblia yao Paulo amewaandikia Wakolosai lolote wanalofanya walifanye kwa moyo kama wanamfanyia Bwana. Tulikaa barazani tukaongea mpaka magharibi, hicho ndo kikao bora cha dini nimehudhuria mwaka huu.

Ukiwa na hasira

Zipo siku hakuna kitu kinafanya kazi, unapiga masufuria mpaka jirani anauliza kulikoni. Usilazimishe dhikri juu ya hasira, inatoka kama tusi. Fuata maelekezo yaliyopo: aliyesimama akae, ikikataa alale. Acha vyombo. Kaa chini kabisa kwenye sakafu ya jikoni. Na ukikaa uliza hii hasira inasema nini, kwa sababu mara nyingine sio shetani, mara nyingine ni kwamba kweli umeelemewa na nyumba ina watu wazima wawili na anayeosha ni mmoja.

Kwa hiyo akina baba, msidhani mmepona. Bi Aisha, mke wa Mtume, aliulizwa Mtume alikuwa anafanya nini nyumbani kwake, akajibu alikuwa kwenye kuwahudumia watu wa nyumbani kwake, na swala ikifika anatoka kwenda kuswali. Alikuwa anashona nguo yake, anatengeneza viatu vyake, anakama mbuzi wake. Anayetaka kufuata sunna aanzie kwenye hiyo, ndevu zitafuata.

Usiku

Kuna kisa cha Bi Fatma, binti wa Mtume, kilikuwa kinanikera, Mungu anisamehe. Mikono ilikuwa imemharibika kwa jiwe la kusagia, akasikia baba yake kaletewa mateka, akaenda kuomba mtumishi. Hakumkuta, akamwachia Bi Aisha ujumbe. Usiku Mtume akawaendea, Bi Fatma na mumewe Sayyidna Ali wameshalala, akawaambia je niwaonyeshe kilicho bora kuliko mtumishi, mkipanda kitandani semeni Subhanallah 33, Alhamdulillah 33 na Allahu Akbar 34. Mi nilikuwa nasema mtoto wa watu kaomba msaidizi kapewa maneno! Na wapo wanaume wanaokitumia kisa hiki kumnyamazisha mke. Lakini kisome vizuri. Aliyeomba ni mmoja, waliofundishwa ni wawili. Sayyidna Ali mwenyewe anasema hakuiacha tena, wakamuuliza hata usiku wa vita vya Siffin, akasema hata huo. Na ni maneno ya kitandani, baada ya salamu ya kazi ya mwisho. Hii ndo dhikri pekee ya nyumbani ninayoihesabu, kwa vidole, maana idadi yake imepangwa.

Kabla ya kitanda kuna yale mengine madogo, ni sunna na wengi wetu tunayafanya kwa mazoea bila kujua: kufunga mlango kwa Bismillah, kuzima taa, kukung'uta matandiko, na kufunika vyombo vya chakula na maji hata kama huna mfuniko ukaweka kijiti tu juu yake. Kufunika nimemwachia mume wangu. Sikumwambia ni zamu yake, siku moja nilikuwa nimelala na mtoto anaumwa, nikamsikia jikoni anatafuta mfuniko wa ndoo gizani, anaangusha vitu, Bismillah, kimya kidogo, halafu mfuniko wa sufuria la uji, Bismillah tena.